Menyu isiyosemeka redioni

Ujumbe wa pesa unapoingia katika simu ya familia moja ya Kibua, kazi mbili zinaanza. Ya kwanza ni kutafuta mtandao. Hiyo watu wameizoea: wanajua kilima gani cha kupanda, saa gani ya kwenda, na upande gani wa kugeuka ili vijiti viwili vionekane juu ya kioo. Ya pili ni kutafuta menyu. Hiyo inawashinda wengi, na haizungumzwi sana kwa sababu inaleta aibu. Mtu mzima aliyelea watoto saba na kuvuka Masisi kwa miguu, mzigo kichwani, hapendi kusema mbele za watu kwamba hajui pa kugusa.

Lakini lazima isemwe, kwa sababu gharama yake si aibu peke yake. Mtu asiyeona menyu ya simu yake analazimika kumpa mwingine simu hiyo, na pamoja na simu anampa namba ya siri, ujumbe wa familia na majina ya watu alioachana nao njiani.

Simu ndogo ya vitufe, ile wengi wanaiita ya tochi, haina shida hiyo. Mtu anaandika nyota, tarakimu chache na dieze, anapiga kama anavyopiga simu ya kawaida, na orodha inatokea: 1 ni jambo hili, 2 ni jambo lile, 3 ni lile lingine. Mama asiyesoma Kifaransa anaweza kufundishwa na dada yake mara moja: bonyeza moja, halafu mbili, andika kiasi, weka namba yako ya siri. Anaishika kichwani kama anavyoshika njia ya kwenda shambani. Na tena, menyu ya namna hiyo inasemeka redioni. Mtangazaji anaitaja polepole mara tatu, na msikilizaji aliye Kashebere au Ntoto anafuata kwa masikio tu, bila kuona kitu.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu yake ilikaa ndani ya sim kadi yenyewe. Ilipofika Kongo na Vodacom mwaka 2012, watu waliijua kwa namba. Airtel Money na Orange Money nazo zina njia hiyo ya namba. Wakati ule hakuna aliyeona kwamba hicho ni kitu cha kusifiwa. Simu za wengi hazikuweza kufanya zaidi ya hapo.

Halafu zikaja Android. Leo mtoto wa shule anaona aibu kutoa simu ya vitufe mfukoni, na hata kati ya familia zilizokimbia kuna wanaofika na Tecno au Itel yenye kioo kilichopasuka. Programu za simu hizi zinapenda kufunika kioo chote, kutoka ukingo wa juu mpaka ukingo wa chini. Saa haionekani, vijiti vya mtandao havionekani, kitufe cha kurudi nyuma hakionekani. Menyu ipo, ila imefichwa, na anayeitaka anatakiwa ajue siri yake: avute kidole kutoka ukingoni, au aguse katikati mara moja, au atafute vidoti vitatu vidogo ambavyo vimewekwa pembeni kama vumbi.

Haikuja siku moja. Android za kwanza zilikuwa na kitufe cha menyu kabisa, chini ya kioo, na mtu alikihisi kwa kidole. Mwaka 2011, Android ya 4 iliruhusu viwanda kukiondoa, na menyu ikahamia kwenye vile vidoti vitatu. Mwaka 2013, Android 4.4 ilizipa programu ruhusa ya kuficha hata vile vitufe vitatu vya chini, vya kurudi nyuma, nyumbani na programu zilizofunguliwa, mpaka mtu avivute kwa kidole kutoka ukingoni. Mwaka 2017, iPhone X ilitoka bila kile kitufe cha duara ambacho kila mtu alikijua. Mwaka 2019, Android 10 ilileta utaratibu kamili wa kutumia mivuto ya kidole mahali pa vitufe. Kila mara kitu cha kugusa kiliondolewa, na mahali pake kikawekwa kitu cha kujua. Waliopanga hivyo walikuwa na sababu zao: kioo kikubwa, picha nzuri, hakuna takataka pembeni. Hawakumfikiria mtu anayejifunza simu akiwa amesimama kwenye foleni ya mgao, na nyuma yake wengine wanamsukuma.

Basi mtangazaji wa redio ajaribu kueleza menyu hizo kwa sauti. Aseme nini? "Gusa vidoti vitatu juu, mkono wa kulia." Kwa programu moja ni kweli. Kwa nyingine si vidoti, ni mistari mitatu, tena iko kushoto. Kwa nyingine ni picha ndogo ya gurudumu la meno, chini. Kwa nyingine hakuna alama yoyote mpaka kioo kiguswe, na baada ya sekunde chache inapotea tena. Mwezi unaofuata programu inajisasisha yenyewe na kila kitu kinahama. Mwishoni mtangazaji anabaki na shauri moja tu: tafuta kijana akuonyeshe.

Shauri hilo ndilo linalotolewa kila mahali, kwenye mgao, kanisani, sokoni. Ndilo lenye hatari.

Vijana wengi wanaosaidia ni waaminifu, na bila wao mambo mengi yangekwama. Lakini mambo ya pesa na ya siri hayawezi kutegemea uaminifu wa mtu ambaye jana hakujulikana. Mama anampa simu kijana wa kibanda cha uniti. Kijana anavuta kidole, menyu inatokea, anauliza: "Mama, namba ya siri?" Mama anaitaja kwa sauti, kwa sababu hajui mahali pa kuiandika mwenyewe. Kuna watu wanne hapo. Toka saa ile namba hiyo si ya siri tena, hata kama kijana hana ubaya wowote, na mama hajui jinsi ya kuibadilisha, kwa sababu pahali pa kuibadilisha napo ni ndani ya menyu.

Upande wa WhatsApp ni mbaya zaidi, kwa kuwa haionekani kama wizi. Ndani ya vidoti vitatu vya WhatsApp kuna mstari ambao kwa Kifaransa unaandikwa "Appareils connectés". Aliyepewa simu ikiwa wazi kwa dakika moja anaweza kupitia hapo na kuunganisha WhatsApp ya mwenyewe na mashine yake. Baada ya hapo anasoma kila ujumbe unaoingia, hata simu ya mwenyewe ikiwa imezimwa. Katika miji yenye amani ni fitina za ndoa. Hapa, ambapo jamaa mmoja yuko Masisi, mwingine Goma, mwingine amejificha msituni, ujumbe unaosema nani yuko wapi na atapita njia gani unaweza kuua mtu. Dawa yake iko kwenye mstari uleule: kuufungua, kutazama kama kuna mashine isiyojulikana, kuigusa na kuiondoa. Ni kazi ya dakika moja. Wangapi wamewahi kuambiwa kwamba mstari huo upo?

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wenye starehe, kwamba mkimbizi anahitaji hema na unga, si masomo ya simu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani kidogo. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji wa Goma, benki zilifunga milango. Wenye mishahara, wafanyabiashara na familia zilizotawanyika wote walibaki wakitegemea pesa ya simu. Machi mwaka huohuo vita vilifika mpaka Walikale-kati. Aliyekuwa na ndugu Bukavu, Kisangani au Kampala alisubiri msaada wake ndani ya simu, na mashirika ya misaada nayo hutumia njia hiyo kugawa pesa. Unga wenyewe sasa unapitia kwenye menyu.

Na mkimbizi ana matatizo ya menyu ambayo mkaaji wa Kinshasa hayajui. Kwanza, simu mara nyingi si yake. Ameiazima, au wanaitumia nyumba mbili, au ameinunua ikiwa imetumika na imebaki katika lugha na mipango ya mwenye zamani. Kila simu ina mahali pake pa kuficha, na alichojifunza juu ya moja hakimsaidii juu ya nyingine.

Pili, kioo. Simu iliyoanguka njiani mara nyingi inakufa pembeni, na pembeni ndiko waliko­weka menyu. Kona ya juu ya kulia ikifa, vidoti vitatu vinaonekana lakini havisikii kidole. Watu wengi wametupa simu, au wamelipa fundi, kwa shida ambayo mara nyingine inaondoka kwa kulaza simu ubavu: katika programu zinazokubali kuzunguka, picha inageuka, na vidoti vinaangukia sehemu ya kioo ambayo bado ni nzima. Ukingo wa chini ukifa ni taabu kubwa zaidi, kwa sababu mivuto mingi ya simu za kisasa inaanzia huko.

Tatu, macho. Mzee anaomba herufi ziongezwe, kijana anaongeza mpaka mwisho, na ghafla kitufe cha "kubali" kimesukumwa chini nje ya kioo. Mzee anasema simu imeharibika. Haikuharibika. Anatakiwa asukume ukurasa juu kwa kidole, au herufi zirudishwe nyuma hatua moja.

Halafu kuna matangazo ya biashara. Programu ya bure ya kusikiliza redio kwa intaneti au ya kutazama video inaweza, katikati ya habari, kufunika kioo chote na tangazo la mchezo fulani. Alama ya kufungia, kimsalaba kidogo, inachelewa kwa makusudi, na ni ndogo kiasi kwamba kidole cha mkulima kinagusa tangazo lenyewe badala yake. Hapo mega zinaanza kuliwa. Msikilizaji aliyenunua mega kidogo ili asikie habari za kijiji alikotoka anazimaliza kwa mchezo ambao hakuuomba. Waliobuni kimsalaba kile walijua vizuri wanachofanya, na hapa hakuna sababu ya kuwatafutia udhuru. Kwa bahati simu nyingi za bei ndogo zina redio ya FM ndani yake isiyotumia hata mega moja, ikichomekwa waya wa masikio ambao ndio antena. Sauti ya nje, ili nyumba nzima isikie, ipo pia. Iko wapi? Mara nyingi ndani ya vidoti vitatu.

Vijana wana jibu lao, nalo si la kudharau. Wanasema kioo kizima ni raha, kwamba kutazama mpira na vitufe vimejaa pembeni ni upuuzi, na kwamba wazee watazoea kama walivyozoea simu yenyewe. Kwa mpira, kwa filamu, kwa michezo, wana haki. Anayetazama filamu hana haja na menyu mpaka amalize. Pesa na ujumbe ni kitu kingine. Programu ya pesa haina sababu yoyote ya kuficha njia ya kutoka wala njia ya kurudi nyuma, kwa sababu ni hapo hasa mtu anataka kuona yuko wapi, ametuma ngapi na kwa nani, kabla hajathibitisha. Na huko kuzoea wanakokutaja kunataka muda, chaji na mega. Simu inayochajiwa kwa malipo kwenye paneli ya jirani haichezewi ili kujifunza. Inawashwa, inatumika, inazimwa.

Lugha nayo inachangia. Android inakubali Kiswahili, na WhatsApp pia. Lakini ni Kiswahili cha Dar es Salaam na Nairobi. Mkaaji wa Kibua anayeona neno "Mipangilio" hafikirii kwamba ndiyo ile ambayo watoto wake wanaita parametre. Anajaribu siku mbili, anarudi kwenye Kifaransa asichokisoma vizuri, kwa sababu angalau huko kijana wa kibanda anakumbuka mahali. Ni ajabu kidogo kwamba lugha ya nyumbani inamfanya mtu apotee zaidi, lakini ndivyo ilivyo, na itaendelea hivyo mpaka kampuni ziwaulize watu wa Kivu wanaitaje vitu.

Kitu cha kwanza cha kudai ni chepesi: menyu ya namba isifungwe. Kampuni za simu zinapenda kuwavuta wateja kwenye programu, zenye picha na rangi, na kuna hofu kwamba siku moja njia ya nyota na dieze itaachwa ife polepole. Isiachwe. Haihitaji mega, inafanya kazi kwenye simu ya tochi, na inafanya kazi kwenye Android vilevile, jambo ambalo wengi hawalijui. Mwenye Tecno anaweza kuacha programu kabisa, akafungua mahali pa kupigia simu, akaandika nyota na tarakimu zake kama zamani. Kasoro yake inajulikana: msomaji wa polepole anakatwa kabla hajamaliza kusoma, na anaanza upya. Kampuni zingeweza kuongeza muda huo, na kuweka maneno katika Kiswahili kinachosemwa hapa. Wala si kazi ngumu kama kujenga programu mpya.

Kwa mashirika ya misaada, shida ni siku wanayochagua. Maelezo ya simu yanatolewa siku ya mgao, saa ambayo watu wana njaa na haraka, na hakuna anayesikiliza. Yangetolewa siku ya kuandikisha familia, mtu mmoja mmoja, simu yake mwenyewe mkononi, kidole chake mwenyewe juu ya kioo. Si kidole cha mwandikishaji. Mwandikishaji anayechukua simu na kufanya mwenyewe "ili twende haraka" hajafundisha kitu, na amewazoesha watu kutoa simu kwa kila anayevaa jile. Wanawake wangependa pia wafundishwe na mwanamke, na si lazima kueleza kwa nini.

Redio nazo hazina sababu ya kukata tamaa. Menyu zote haziwezi kusemwa, lakini kuna mienendo michache inayofaa karibu kila Android, na hiyo inasemeka. Kioo kikiwa kimefunikwa chote, mtu aweke kidole kwenye ukingo wa juu kabisa na kuvuta chini polepole: saa, vijiti na mara nyingi vitufe vya kurudi vitaonekana. Visipotokea, avute kutoka ukingo wa chini kwenda juu. Kama ni video au picha, aguse katikati mara moja na kungoja. Hayo matatu yanaweza kusemwa kwa nusu dakika, asubuhi na jioni, wiki nzima, mpaka watoto wayaimbe. La nne ni la kumaliza taabu kwa muda mrefu: katika simu nyingi, ndani ya "Paramètres", kuna mahali pa kuchagua kurudishiwa vile vitufe vitatu vya chini badala ya mivuto. Hapo msaada wa kijana ni wa mara moja tu, mama mwenyewe akiwa anaangalia.

Na kwa kuwa kuazimana simu hakutaisha Kibua leo wala kesho, kuna chombo kimoja ndani ya Android, tangu toleo la 5 la mwaka 2014, ambacho kingetakiwa kujulikana kuliko michezo yote: kubandika programu. Mwenye simu anafungua programu moja, tuseme ya kupigia, anaibandika, kisha anamwazima jirani. Jirani anapiga simu yake vizuri, lakini hatoki hapo kwenda kwenye picha, kwenye WhatsApp au kwenye pesa, maana kuibandua kunaweza kupangwa kudai namba ya kufungulia simu. Mpango huo kwa kawaida umewekwa upande wa usalama ndani ya "Paramètres", umezimwa, na simu haimwambii mwenyewe kwamba upo. Kwenye simu yenye vitufe vitatu, kubandua ni kubonyeza cha kurudi nyuma na cha programu zilizofunguliwa kwa pamoja, na kushikilia. Kwa anayetumia mivuto, ni kuvuta kutoka chini kwenda juu na kushikilia kidole hapohapo mpaka simu iulize namba.